Theonest Rwechungura na Treni Iliyokuwa Ikirudi Nyuma

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani wa Kibamba, na nyie wenzetu mliovuka daraja kutoka Kigamboni asubuhi na mapema ili muwahi: aliyeandika maneno haya ni Anjelina, dada mkubwa wa marehemu, na ndiye anayewasomea. Alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mbili, kwa hiyo hana haraka, na minong'ono ya nyuma anaisikia. Marehemu alimwomba mapema asimpambe. "Dada, usije ukaniongezea," alisema. Basi hajaongezewa kitu. Mengi ya humu yametoka kwa wifi yake, mjane Demetria, aliyeyaona kwa macho.

Theonest Rwechungura alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1962, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Petro Rwechungura na Mama Anastazia, wote wametangulia mbele ya haki. Mama alikuwa njiani kwenda gulioni, mkungu wa ndizi kichwani, uchungu ulipomshika. Mtoto alizaliwa salama, na ule mkungu ukaishia kwenye sufuria ya wageni waliokuja kumpa pole mzazi. Sie Wahaya tunasifika kwa kujisifu, wala hatubishi. Lakini siku mgao wa kujisifu ulipopita, Theonest hakuwepo. Mtu angeweza kukaa naye mwaka mzima asijue kwamba ndugu huyu ana cheti.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Alipokuwa darasa la tano saa ya ukutani ya parokia ilikuwa inachelewa, watu wanafika misani sala imefika katikati. Theonest aliomba aifungue. Katekista alikataa, kisha akakubali, kisha akajuta, kwa kuwa mtoto aliisambaza saa yote juu ya meza ya sakristia. Alipoirudisha ikaenda sawasawa, ila mkononi kwake ikabaki skrubu moja isiyo na kwao. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Kila siku akitoka shule alikimbia parokiani kumwuliza katekista: "Imesimama?" Anaambiwa haijasimama. Kesho yake tena: "Imesimama?" Mwezi mzima. Mwishowe katekista alikuja nyumbani kumshtaki kwa mzee. Saa ile ilikwenda miaka kumi na moja bila ile skrubu. Ndivyo alivyokuwa tangu udogo. Kurekebisha kitu kulimfurahisha kwa dakika chache, kisha akaanza kukilinda kwa wasiwasi.

Baada ya sekondari, mwaka 1981, alikwenda chuo cha ufundi Mwanza na kutunukiwa cheti cha ufundi mitambo mwaka 1983. Mwaka uliofuata alipanda treni kuja Dar es Salaam na sanduku la bati, akapokewa Buguruni na binamu yetu, na akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo, ambako alizihudumia mashine za kufuma kwa miaka kumi na miwili. Kiwanda kilipofungwa akaingia kwenye lifti. Kati ya mwaka 1997 na 2010 hapakuwa na ghorofa refu mjini ambalo hakuwahi kuning'inia ndani ya shimo la lifti yake, taa kichwani, spana mdomoni.

Kule Buguruni ndiko alikokutana na Demetria, binti wa Mzee Karoli wa Mahenge. Demetria alikuwa mshonaji wa sare za kwaya, na Theonest aliimba besi. Alipompima aligundua bega la kulia limeshuka, kwa sababu ya boksi la spana alilolibeba miaka yote. Hakumwambia. Alichofanya ni kushona joho lenye kitambaa cha ziada upande ule, na Jumapili kijana akasimama mstarini mabega yamelingana. Theonest hakuwa mtu wa maneno. Alirudi kwa fundi cherehani kupimwa tena, eti amenenepa. Wiki iliyofuata akarudi, eti amekonda. Mara ya tatu Demetria akaweka chini futi yake ya kitambaa akamwambia, "Kaka, hili joho halina tatizo. Tatizo ni lipi?" Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1991. Mungu akawajalia Gibson mwaka 1993 na Kokushubila mwaka 1996. Mwaka 2004 walihamia hapa Kibamba, kwenye nyumba hii mnayoiona, ambayo milango yake yote inafungwa bila kusukumwa kwa bega.

Sasa tufike kwenye Chatu, maana nusu ya mliofika leo mmemjua Theonest kwa ajili ya Chatu.

Mwaka 2011 Alhaji Mwinjuma alifungua Bustani ya Marahaba kule Kigamboni, akamwajiri marehemu awe fundi mkuu. Ndani ya bustani ile kulikuwa na treni ya michezo, ile inayotoka kituoni kwa kishindo, inapanda mlima wa chuma, inashuka, inajipinda mara mbili na kumaliza mzunguko huku abiria kumi na wawili wakiita mama zao. Watu wa Kigamboni waliibatiza Chatu. Ilinunuliwa ikiwa imekwishatumika ng'ambo, na mtambo wa kuirusha ulikuwa wa presha ya oili: pampu inasukuma oili, presha inajaa, inaachiliwa yote kwa mkupuo, kebo inaivuta treni na kuitupa mlimani. Ukiwa mzima ulikuwa raha tupu. Lakini hewa ya chumvi ilizila vali zake, mipira ikavuja, umeme ukishuka kidogo presha haijai, na treni ikafika karibu na kilele, ikaishiwa nguvu, ikarudi nyuma kinyumenyume mpaka kituoni. Breki ziliidaka kila mara, na hakuna aliyewahi kuumia, tumshukuru Mungu. Ila siku nyingine iligoma pale pale kileleni, haiendi wala hairudi, na abiria ikabidi washushwe kwa ngazi mmoja mmoja, wengine wameshika rozari, wengine tasbihi.

Na kila ilipogoma, simu ya Theonest ililia.

Gibson alikuwa ameiwekea namba ya bustani mlio wake peke yake, king'ora. Mlio ule Demetria aliusikia kwa miaka kumi na miwili. Ulilia siku ya kipaimara cha Kokushubila, wakati wa kupeleka vipaji altareni. Ulilia kwenye mahafali ya Gibson, kabla jina lake halijafikiwa. Kutoka Kibamba mpaka Kigamboni si kuvuka barabara. Ni kuupasua mji mzima, na akishafika kule ndiyo basi, mtamwona kesho. Kwenye Krismasi ya mwaka 2021 Demetria aliificha simu kwenye ndoo ya mchele, akafunga na kifuniko. Wakiwa ndio wanapakua pilau, ndoo ikaanza kupiga king'ora. Theonest aliinuka, akaitoa, akaipuliza vumbi la mchele, akasema, "Mama Gibson, nakuja sasa hivi." Sahani yake ilifunikwa na kawa mpaka pilau likalala. Demetria hakulia siku ile. Alisema tu kwamba yeye ameolewa na mtu mmoja na anakula mezani peke yake.

Mwezi Oktoba 2022 mambo mawili yalikuja pamoja. La kwanza, Theonest aliishiwa pumzi akipanda ngazi za Chatu, akapelekwa hospitali, na daktari akamwambia moyo wake umechoka na haufanyi tena kazi kama zamani. Akapewa dawa, akakatazwa kupanda juu. La pili, Kokushubila alikuja na Lusungu, kijana wa Njombe, kujitambulisha. Harusi ikapangwa Jumamosi tarehe 29 Julai 2023. Binti yule amechukua ulimi wa shangazi yake. Alikaa mbele ya baba akamwambia, "Baba, siku ile siwezi kushikwa mkono na mjomba. Ukiitwa, nenda. Mie nitaingia kanisani peke yangu, na upande wako nitauacha wazi, watu wauone."

 Kesho yake Theonest alikwenda kwa Alhaji Mwinjuma akamwambia ule mtambo si wa kurekebisha tena, ni wa kutoa.

Alhaji alishika kichwa. Alikuwa amekwishasikia kutoka kwa wataalamu watatu kwamba zibadilishwe vali, na vali zilikuwa zimebadilishwa mara nne. Theonest akamchorea kwenye karatasi la kufungia vitumbua. Toa oili yote, toa kebo, toa pampu. Weka matairi. Jozi nane za matairi kwenye reli ya kuondokea, kila jozi na mota yake ya umeme. Treni ikiondoka, jozi ya kwanza inaibana ubavuni na kuisukuma, inaikabidhi ya pili, ya pili inaikabidhi ya tatu, mpaka inafika mlimani ina kasi yake kamili. Mota moja ikifa, zilizobaki zinasukuma. "Ule wa zamani una moyo mmoja, kama mie," alisema. "Ukichoka, vyote vimelala." Alhaji akauliza kama matairi yanapatikana. Theonest akamwambia kitu kisichokosekana katika mji huu ni matairi na watu wa kuyabadilisha.

Wahandisi wa kule ilikotengenezwa treni walipiga hesabu na kuleta michoro, mkaguzi wa usalama akaipitia, na Januari 2023 kazi ikaanza. Marehemu, aliyekatazwa kupanda, aliweka kiti cha plastiki chini ya reli na kuwaongoza vijana wake kwa filimbi, wakiwa na msaidizi wake Twalib, aliyekuwa macho yake kule juu. Kulihitajika mizigo ya majaribio, maana huwezi kuujaribu mtambo mpya kwa binadamu. Demetria akaombwa ashone viroba kumi na viwili vya kujaza mchanga, kimoja kwa kila kiti, kilo sabini na tano kila kimoja. Alikataa magunia ya sandarusi, yale ya plastiki, kwa kuwa yanapasuka kwenye mshono. Akashona kwa turubai zito la pamba, sindano mbili. Twalib aliviandika majina ya watu kwa rangi. Kile cha kiti cha mbele kabisa kiliandikwa Anjelina. Mwandishi amekwishasamehe.

Viroba vilijazwa, vikapimwa kwenye mizani ya muuza mkaa wa jirani, vikawa sawasawa. Karakana ilikuwa imejaa mabomba ya ule mtambo wa zamani, kwa hiyo vikapangwa nje, ubavuni mwa uzio, vikisubiri siku yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano tarehe 19 Aprili 2023. Ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani, na Alhaji alitaka Chatu itembee sikukuu ya Iddi, maana Iddi ndiyo siku bustani inapofurika. Demetria alikwenda naye. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuikanyaga bustani ile tangu ifunguliwe. Kabla ya hapo alisema hawezi kumtembelea mke mwenza. Alikwenda kwa sababu ya moyo wa mumewe. Alibeba dawa na chakula kwenye hotipoti, akakuta wote wamefunga isipokuwa mgonjwa wake.

Viroba vikafungwa mikanda kwenye viti. Theonest akapuliza filimbi. Matairi yakanguruma, treni ikachomoka vizuri kabisa, ikapanda, ikapanda, ikapunguza mwendo. Zikiwa zimebaki hatua kama tatu kufika kileleni, ikasimama. Kisha ikarudi nyuma.

 Wakajaribu tena. Ikarudi nyuma tena, pale pale. Alhaji alivua kofia, akaikunja, akaivaa. "Fundi," alisema kwa upole, "tuzungumze baada ya Iddi." Kila mtu alielewa mazungumzo yenyewe yatakuwa ya namna gani. Theonest aliketi juu ya boksi la spana, mkono kifuani, na Demetria akauona ule mkono. Aliona yote kwa mpigo: mtambo wa zamani unarudishwa, king'ora kinalia, binti yake anaingia kanisani upande mmoja mtupu. Na huyu hapa, anamfia kwenye boksi.

"Unaumwa?" akamwuliza.

"Siumwi. Nimeshindwa," akajibu.

Demetria hana tabia ya kuliwaza. Akasema kama kazi imeisha basi yeye anachukua maturubai yake, kitambaa kile hakipatikani ovyo. Akapanda jukwaani, akashika kona ya kiroba cha mbele akikivuta, na mkono ukatoka umelowa. Akaukunja ule mshono akaukamua kwa vidole. Maji yakachuruzika mpaka kwenye sakafu.

"Twalib," akaita, "hivi viroba vililala wapi?"

"Pale uzioni, mama."

"Siku ngapi?"

"Kama tisa hivi."

"Na masika yote hii?"

 Mama wa watu akageuka. "Baba Gibson, njoo ushike. Hili ni pamba. Pamba inakunywa, na mchanga ndani yake unakunywa mara mbili. Mmepima viroba vikavu, mmepakia vilivyolowa!"

Ikaletwa mizani ya muuza mkaa, mbio. Kiroba cha Anjelina kilikuwa na kilo tisini na mbili. Wakapima na vingine. Vyote vilikuwa mle mle. Chatu ilikuwa imebebeshwa kilo zaidi ya mia mbili ambazo hakuna aliyezialika. Mafundi wenye vyeti, mainjinia, karatasi za hesabu ukutani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mvua inanyesha! Alhaji alisema alhamdulillahi mara tatu. Twalib alijipiga paji la uso. Theonest alianza kucheka polepole, akacheka mpaka akashikilia nguzo, na Demetria akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Oktoba.

"Basi tuvianike," Alhaji akasema. "Jua likitoka kesho, keshokutwa tunarusha, na Iddi watu wanapanda."

Theonest aliacha kucheka. Akaitazama treni, akatazama viroba. "Hapana," akasema. "Msivianike. Vibaki hivi hivi."

"Kwa nini tena, fundi?"

"Watu wa Dar wanakula, Alhaji. Iko siku watakuja kumi na wawili wametoka kwenye biriani la harusi, kila mmoja kilo tisini, na treni itarudi nao nyuma. Tusidanganyane kwa viroba vyepesi. Naongeza jozi mbili."

Jozi mbili ni mota nyingine, msingi mwingine wa zege, mwezi mzima. Alhaji alikubali, shingo upande. Iddi ile bustani ilifunguliwa Chatu ikiwa imelala. Na Demetria? Alikasirika, jamani. Ushindi alikuwa ameushika mkononi, mume wake akauweka chini tena kwa hiari yake. Kadi za harusi zilikuwa zimekwishachapwa. Tangu darajani mpaka Kibamba hakumsemesha. Walipofika mlangoni tu akamwambia, "Ukimkosesha Koku baba kwa ajili ya watu wanene usiowajua, mie sitakutetea."

"Sitamkosesha," alijibu. Demetria anasema hata yeye mwenyewe hakuamini.

Alhamisi tarehe 18 Mei 2023 jozi kumi zilikuwa tayari. Viroba safari hii vilikuwa vimekauka, jua lilikuwa kali. Demetria alikwenda tena, akaomba ndoo, akavimwagia maji kimoja kimoja mpaka vikachuruzika, akidai kwamba yeye ndiye aliyeanza na yeye ndiye atakayemaliza. Filimbi ikapulizwa. Treni ikachomoka, ikapanda, ikafika pale iliposimama zamani, na watu wote wakanyoosha shingo. Haikusimama pale. Ilipita kileleni kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake, ikatumbukia upande wa pili, na Demetria binti Karoli, mwenye miaka hamsini na tisa, mjumbe wa kamati ya liturujia, akapiga vigelegele mpaka walinzi wa getini wakaja kuangalia kuna nini. Waliirusha mara arobaini siku ile. Theonest alihesabu, na Demetria akahesabu nyuma yake kwa kuwa hakumwamini. Haikurudi nyuma hata mara moja.

Abiria wa kwanza walipanda Saba Saba. Na mpaka leo pale Marahaba, kila mwanzo wa mwezi kabla hawajafungua geti, viroba vya Mama Gibson vinamwagiwa maji kwanza ndipo vinapakiwa. Vikavu havikubaliki.

Ilipofika tarehe 29 Julai, mbele ya mlango wa kanisa, Theonest amevaa suti iliyoshonwa nyumbani, bega la kulia limejazwa kama kawaida, binti yake amemshika mkono, kinanda kimekwishaanza, king'ora kikalia mfukoni mwake. Kokushubila alifumba macho. Kundi lote la wapambe likaganda. Theonest alitoa simu.

"Imerudi nyuma?"

"Haijarudi, mzee!" Twalib akapaza sauti, kelele za watoto nyuma yake. "Watu wamejaa hapa, inapanda tu. Nimepiga kuwapa hongera za harusi!"

Demetria aliinyakua simu na kumweleza Twalib jambo ambalo Baba Paroko akiwepo haliwezi kusomwa. Kisha akaizima, akaitia kwenye pochi yake, na baba na binti wakaingia kanisani, pande zote mbili zimejaa. Alilia Demetria, akalia mwandishi, akalia hata Lusungu kule mbele. Yalikuwa machozi mepesi ya watu waliotuliwa mzigo.

Aliacha kazi rasmi Desemba 2023 kwa ushauri wa daktari, na akakaa nyumbani kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1984. Msidhani alitulia. Simu isipolia, akaanza kuhangaika. "Mbona hawapigi? Au wananificha?" Basi kila siku saa tisa alasiri alimpigia Twalib mwenyewe. "Imerudi?" Anajibiwa, "Haijarudi, mzee." Anasema, "Haya," anakata, anaosha mikono, anakuja mezani. Katekista wa Kamachumu angekuwa hai angemtambua mara moja. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu Demetria alikula kila mlo na mume wake. Anasema alikuwa amesahau kwamba mwanamume huyu anapenda ukoko, na kwamba anacheka kabla hajamaliza kusimulia.

Mwezi Februari mwaka huu miguu ilianza kumvimba, akalazwa mara mbili, na tunawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo. Mwezi Mei aliomba kurudi nyumbani. Sie tuliotoka Kamachumu tulitaka, siku ikifika, apelekwe akalale kwenye migomba ya baba. Alikataa. Alisema Kibamba kuna meza yake na hajaikalia vya kutosha.

Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tisa alasiri, alikuwa kwenye kiti barazani na hakuwa na nguvu ya kushika simu. Demetria akampigia Twalib, akaweka sauti ya nje. Theonest akasogeza midomo, na Demetria ndiye aliyemsaidia kuuliza.

"Imerudi?"

"Haijarudi, mzee," Twalib akasema. "Leo tumerusha mara sitini na nne. Mwezi ujao ni miaka—" akasita, "yaani tangu tuifungue, mzee, hata siku moja."

"Haya," Theonest akasema, na hilo walilisikia wote wawili. Aliomba maji, akanywa kidogo, akaegemeza kichwa. Saa kumi na robo Demetria alipomletea uji, alikuwa amekwenda, uso wake hauna wasiwasi wowote. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mwandishi alimjua tangu alipokuwa mchanga kwenye kitenge, na uso ule usio na wasiwasi hakuwahi kuuona kabla.

Ameacha mjane, Demetria; watoto wawili, Gibson na Kokushubila; mkwe mmoja, Lusungu; mjukuu mmoja wa miezi minane, aitwaye Theonest, ambaye tayari ameivunja rimoti ya televisheni; dada wawili, mmoja wao ndiye huyu aliyesimama hapa; na mafundi sita wa Bustani ya Marahaba, wanaosema na wao waandikwe, basi wameandikwa. Leo Jumamosi tarehe 14 Juni, Alhaji Mwinjuma amesimamisha kazi zote za bustani asubuhi hii, isipokuwa Chatu. Mama Gibson ndiye aliyemwomba iendelee kutembea.

Jana mwandishi alimwuliza wifi yake kama simu ya marehemu izimwe wakati wa maziko, isije ikatuaibisha. Akasema iachwe wazi, na mlio wake ule ule wa king'ora. Iko kwenye pochi yake pale, safu ya kwanza. Tumesoma tangu mwanzo mpaka hapa, nyote mmekuwa mashahidi, haijalia.

Haya, Theonest. Haijarudi nyuma. Sasa pumzika, mdogo wangu, kwa ile amani uliyotuachia mezani.